Kiti Ambacho Hakijalala

Jua la Idete halijakolea, lakini Melkiori anatoka jasho. Anabonyeza tena kwa dole gumba mguu wa kiti cheupe cha plastiki. Kiti kinang'aa kuliko yeye.

Fundi huyu wa Mlabani, Ifakara, hukodisha viti hivi vilivyojaa bondeni miaka hii ya tisini, na huziba nyufa zake kwa kisu cha moto. Leo amevileta kwa akina Klementina, Wandamba wakulima, ambako posa ya binti huyo inajibiwa. Mkwe mtarajiwa, mzee Mabula, baba wa kijana anayeposa, mfugaji wa Kisukuma, ni pande la mtu.

"Akianguka hapa, watasema tumemtegea," ananong'ona Melkiori. "Ng'ombe na mashamba tayari vina maneno. Posa itakufa."

Kiti chenye mikono ni hicho kimoja, na mkwe hakalishwi kwenye kisicho na mikono. Jana jioni kilipasuka mguu. Kwa kawaida, akishaziba, Melkiori hukifukia kwenye pumba za mpunga zenye joto, kipoe polepole mpaka kesho yake. Safari hii ameziba alfajiri, gari la kubeba viti linapiga honi. Akakimwagia maji ya kisima.

"Plastiki ikipoa ghafla, nje inakakamaa, ndani bado inataka kusinyaa," anaeleza. "Inabaki inajivuta yenyewe. Hata kiwandani, wakiharakisha kupoza kalibu inayomiminiwa plastiki, kiti huzaliwa kimenuna. Sura nzuri, moyoni vita."

"Kama wewe ukivaa suti," anachokoza mkewe, Devota.

Melkiori hacheki. Wageni wameingia.

Mzee Mabula anasalimiwa, anashika mikono ya kiti, anaanza kushuka. Mguu unalia: ti!

"Shikamoo mzee! Usikae!" Melkiori anaropoka. "Hicho kiti hakijalala!"

"Marahaba. Kwani kimekesha wapi?"

"Nimekiziba leo, nikakipoza kwa pupa. Kosa ni langu, wenye nyumba hawajui."

Mama yake Klementina anajishika kifua. Mabula anajiinua, anaukandamiza mguu ule kwa kiganja. Ufa mweupe unapanda hadi penye kukalia.

"Wandamba bwana!" anasema. "Nimekuja kuchukua binti, mnanipa mgonjwa nimuuguze!"

Anaangua kicheko, ua mzima unapumua. Anavuta kigoda cha bibi yake Klementina, anakaa. Posa inajibiwa.

Harusi ni baada ya mavuno, pumba zikiwa tele. Melkiori anapanga kuchimba shimo la pumba la kumeza kiti kizima.

"Cha mzee Mabula kitalala humo mpaka kikorome," anasema. "Gari lipige honi hadi betri ife."