Mhariri wa Jarida la Maji

Mhariri wa jarida la usimamizi wa maji husoma makala kwa sauti, kidole kikifuata mstari, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Akifika penye sentensi ya majivuno hucheka puani na kumwambia msaidizi wake, "Dada, huyu kaandika kurasa tatu na bado hatujaona hata tone la maji." Kalamu huichomeka nyuma ya sikio kisha huitafuta mezani kote, na dada humwacha ahangaike kidogo kabla ya kumwonyesha. Barua za kukataa makala huziandika mwenyewe, akizilainisha hadi wengine hujibu kwa kushukuru.

Lakini makala ya mzee aliyemfundisha chuo kikuu hakuiandikia barua. Alipiga simu, akasimama na kufunga vifungo vya shati hadi shingoni, kana kwamba mzee angemwona. "Shikamoo, mwalimu. Makala yako siwezi kuichapisha. Mto umeupima masika tu, halafu unasema maji yatatosha mwaka mzima. Watu watalima kwa kuamini maneno hayo."

"Kiangazi maji husogea mbali na barabara, gari halifiki kule," sauti ya mzee ilisikika hadi meza ya pili. "Ni kutembea, na magoti yamenichoka."

"Najua, mwalimu. Kiangazi kikiingia nitakuja, tutatembea polepole. Utakaa kivulini uandike vipimo, mimi nitaingia mtoni."

Mzee akaweka sharti. "Na ukipima ovyo nitakukemea mbele za watu."

"Ndiyo, mwalimu," akajibu, na uso wote ukamchangamka.