Mashimo ya Angani Juu ya Tindiga

Nimezaliwa Mikumi, nikasomea upimaji wa ardhi. Nimeshapima viwanja na mashamba mengi wilayani Kilosa, lakini kazi iliyonifurahisha kuliko zote niliifanya Tindiga, siku mashine yangu ilipogoma.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga aliyeteremka zamani kutoka milimani, alikuwa amekubaliana na jirani yake, mzee mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, waache njia ya ng'ombe kwenda mtoni kando ya majaruba ya mama. Hawakuwa na ugomvi. Walitaka bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, zisimikwe mapema ili wajukuu wao nao wasije wakagombana.

Ilikuwa Oktoba, vumbi tupu. Gari lilipata pancha njiani, kwa hiyo nilianza kazi jua likielekea kuzama. Mashine yangu ya kupimia hupokea ishara za satelaiti, na ikizishika sawasawa hukuonyesha mahali uliposimama bila kukosea hata upana wa kiganja. Ilikwenda vizuri mpaka kona ya mwisho. Giza lilipoingia, ikaanza kuhangaika: inashika, inaachia, inashika tena.

"Betri imekwisha?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Tatizo liko angani."

Alitazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. "Anga hii hii?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kanisa, na Jumatatu mashine ilitakiwa Morogoro. Nikawaambia kwamba tukivumilia, usiku ukizidi kwenda mara nyingi hali hutulia. Mama akasema yeye hawezi kusubiri na wageni wenye njaa. Akawasha moto pembeni ya shamba, akabandika wali. Mke wa mzee akaja na maziwa ya mgando na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, akaketi karibu na mama kama watu waliopanga hivyo tangu asubuhi.

Tukiwa tunangoja wali uive, mama alinigeukia. "Haya, mwanangu, tueleze. Hilo tatizo ni nini?"

Nikawaeleza nilivyoweza. Juu kabisa, kupita mawingu na ndege, jua hushinda likiipiga hewa na kuibandua vipande vidogo mno vinavyoitwa elektroni. Jua likizama, vipande hivyo huanza kurudi vilikotoka, vinapungua. Vimepangana kwa matabaka: la chini huisha upesi, la juu hubaki. Lakini huku kwetu karibu na ikweta havipungui kwa usawa. Mashimo hutokea kwa chini na kupanda juu, na ishara ya satelaiti ikipita humo inatetemeka.

Mama alifunua sufuria. Wali ulikuwa unakauka maji, umetoboka vitundu vilivyotoa mvuke.

"Mashimo kama haya?"

"Kama hayo hayo, mama."

Mzee alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema basi hata huko juu bado hakujaiva.

Baada ya kula alitoa redio yake ya betri, akaivuta antena na kuzungusha kitufe taratibu. Akasema mchana hiyo redio hukoroma tu, lakini usiku huleta vituo vya mbali. Nilifurahi kama mtoto, kwa sababu nilijua ni kwa nini: lile tabaka la chini, ambalo mchana humeza mawimbi ya redio, lilikuwa limetoweka, na sasa mawimbi yalikuwa yanafika juu na kurudishwa chini mbali sana. Anga iliyoninyima satelaiti ilikuwa inampa yeye kwaya.

Kwaya ilikuja kwa kupanda na kushuka, lakini mama aliutambua wimbo. Ulikuwa wa kanisani kwao, alifundishwa shuleni. Akaimba sauti ya pili. Mke wa mzee aliujua kwa Kisukuma, naye akaimba kwa Kisukuma, na wala hawakugongana. Mzee akasimama akacheza, fimbo begani, vumbi likitimka.

"Mama mpimaji, na wewe simama," aliniambia, nami nikacheza na buti zangu za kazi.

Sijui mashine ilikuwa imetulia tangu saa ngapi. Nilipoikumbuka niliikuta imeshika satelaiti zote, kimya, inatungoja sisi. Nikapima kona ile huku mama akinimulikia kwa simu. Mzee alichimba mwenyewe, tukasimamisha bikoni, mama akaishindilia udongo kwa kisigino.

Nililala kwa mama. Alfajiri niliamshwa na kengele za ng'ombe. Nikatoka nje nikawaona wakipita polepole kando ya majaruba, vichwa chini, wakielekea mtoni, na mzee nyuma yao.

"Shikamoo, baba," nilimwita.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama. Njia inatosha?"

"Inatosha," alisema. "Hata wakinenepa."