Waya wa Majani

Fundi Waya hakuwa mtu wa kushindwa na pikipiki. Kwa miaka thelathini na miwili alifunga umeme wa vyombo vya moto katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, na jina hilo hakujipa mwenyewe, alipewa na wateja. Kwa hiyo pikipiki ya binti yake ilipounguza fyuzi ya tatu kabla hata ya saa nne asubuhi, aliona kama ametukanwa mbele za watu.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya mtumba, yenye kioo cha kukinga upepo na kiti kipana kama kochi. Binti alikuwa fundi wa vyerehani, na alikuwa amechoka kukaa kusubiri wateja wamletee mashine. Kesho yake alfajiri angeanza mzunguko wa miji sita, na trela dogo la magurudumu mawili lingemfuata nyuma likiwa na vyerehani, vipuri na hema. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa taa za trela. Barabara yenyewe ilikuwa ya malori, na dereva wa lori hufuata taa anazoziona, hana muda wa kubahatisha. Baba mtu alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikataa katakata kazi ile kupelekwa kwa fundi mwingine.

Sasa tatizo. Kwenye pikipiki ile, breki ina waya wake na indiketa zina nyaya zake. Trela linataka breki na indiketa zipite kwenye waya mmoja kila upande. Katikati lazima kikae kiboksi cheusi cha kuzichanganya, na kiboksi hicho kilikuwa na maringo. Ukikipa umeme wa taa ya nyuma ya pikipiki, fyuzi inakatika. Ukibadilisha fyuzi, inakatika tena. Fundi Waya alifungua kiti, akafunga kiti, akakifungua tena. Aliilaumu pikipiki, akamlaumu aliyeiunda, akamalizia na aliyeiuza. Mkewe, aliyekuwa ameshika tochi, alimkumbusha kwamba pikipiki haina masikio. Alijibiwa amulike vizuri.

Huyu mama hakuwa fundi. Lakini tangu mwaka uliopita mumewe alikuwa akimwita kila palipokuwa na kazi ya nyaya. Sababu hazikukosekana: mara mikono imejaa, mara mgongo unauma, mara miwani ina mafuta. Nipe wa kahawia, nipe mweupe, naye anatoa. Miaka yote aliyokaa na mtu huyo hakuwahi kukaribishwa karibu na meza ile, na sasa anaitwa kutwa mara tano. Moyoni alifurahi, akadhani mzee amekumbuka kwamba ana mke.

Ukweli ni kwamba rangi zilikuwa zimemkimbia Fundi Waya. Zilianza kuondoka taratibu, kijani na manjano zikalingana, kisha kahawia nayo ikajiunga nazo, mpaka fungu zima la nyaya likawa na rangi moja tu ya maji ya kufulia. Hakumwambia mtu. Fundi wa umeme asiyeona rangi ataitwa fundi gani? Mkono ulikuwa bado mwepesi, kichwa bado kinafanya kazi, na mke alikuwapo wa kumpa waya anaoutaja. Hivyo ndivyo alivyojipa moyo.

Kufikia adhuhuri alimshinda shetani wa fyuzi. Alivuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaupa fyuzi yake yenyewe, na kiboksi kikatulia. Zikabaki nyaya nne za trela. Kazi rahisi kabisa: wa manjano ni indiketa ya kushoto, wa majani ni ya kulia.

Jirani yao, mchomea vyuma, alichagua dakika hiyo kuwasha mashine ya kusagia. Fundi Waya, kichwa chini ya kiti, alinyoosha mkono akasema apewe wa majani. Angesema kijani yangekwisha hapo, lakini yeye alifundishwa kazi na mzee aliyesema majani, naye akasema majani maisha yake yote. Mashine ililia, neno likapita katikati ya kelele, na mama akasikia manjano. Akampa wa manjano. Mume akaupokea, akaukata ncha, akauunga upande wa kulia, uliobaki akaupeleka kushoto, na kuziviringishia utepe kwa ustadi mkubwa.

Halafu wakajaribu kama walivyozoea. Yeye alipanda juu, mama akasimama nyuma. Akabonyeza indiketa moja, mama akasema inawaka. Akabonyeza nyingine, inawaka. Akashika breki, zinawaka zote. Fundi Waya akashuka akiwa anapiga mluzi.

Binti aliporudi kutoka kununua mpira wa ndani wa tairi, aliwasha indiketa ya kulia mwenyewe na kuzunguka nyuma. Pikipiki ilisema inakwenda kulia. Trela lilisema linakwenda kushoto.

Baba alimwambia amesimama vibaya. Kisha alisema kiboksi ni bandia, tena alikijua tangu mwanzo, akashika koleo akitaka kukikata chote na kukitupa. Asubuhi nzima imepotea, kesho ndiyo hiyo inakuja, na sasa kila mtu ni fundi! Binti hakubishana naye. Alifunua utepe, akafuata waya kwa kidole na kusema kwamba wa manjano uko kulia. Mama akajitetea kuwa yeye alitoa alichoombwa. Mume akasema aliomba wa majani. Mke akasema aliomba wa manjano. Wakarushiana maneno hayo mawili mpaka binti akawakatiza.

"Baba, hata kama mama alisikia vibaya, waya ulikuwa mkononi mwako."

Fundi Waya alishusha koleo. Sababu zote za mgongo na miwani zilimkimbia kwa pamoja. Binti akaokota kipande cha waya sakafuni, akakiinua mbele ya macho yake.

"Hiki ni cha rangi gani?"

Alikitazama. Alikisogeza mlangoni penye mwanga, akakitazama tena, akayakasirikia macho yake mwenyewe.

"Sijui," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Mama aliizima tochi na kuiweka mezani. "Kumbe ulikuwa unaniitia macho tu," alisema, akaketi.

Binti alibadilisha zile nyaya mbili mwenyewe, na kulia kukawa kulia. Alisema huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Akirudi tu atampeleka kwa daktari. Alisema maneno mengi ya kumtuliza, lakini baba hakuyasikia. Alikuwa akiwaza balbu ya nyuma ya pikipiki. Ina nyuzi mbili ndani, moja hafifu ya taa na moja kali ya breki. Ukigeuza nyaya zake, zote zitawaka, na mtu aliyesimama nyuma atasema inawaka, naye hatakuwa amedanganya. Alifunga balbu ngapi za namna hiyo tangu mwaka jana?

"Usiondoke kesho," alisema.

Binti akamwambia taa sasa ni nzima, asiwe na wasiwasi.

"Si kwa ajili yako. Yule nesi wa zahanati nilimfungia taa ya nyuma ya pikipiki yake mwezi uliopita. Kama niligeuza, inawaka kali muda wote, na akishika breki haibadiliki. Mwenye gari nyuma yake hatajua kwamba nesi anasimama. Humbeba mwanawe nyuma, kila siku, kumpeleka shule."

Binti alilichomoa trela, akaisukuma pikipiki mpaka nje na kumwambia baba yake apande, waanzie zahanati. Mama alikuwa ameshasimama, anaorodhesha kwa sauti wateja wengine aliowakumbuka.