Nyavu za Baba Zilipopanda Mlima

Nakumbuka, mwanangu, siku ambayo nyavu za baba yangu zilipanda mlima. Wavu ni kitu cha ziwa, mahali pake ni majini au juani ukikauka. Siku ile ulifungwa kati ya mianzi, kule juu penye ukungu, na kila aliyepita njiani alisimama akacheka. Walikuwa na haki ya kucheka.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya picha uliyonitumia kutoka Kanada. Shangazi yako alinisogezea simu karibu na macho, nikaona miti myeusi, theluji imefunika kila kitu, na vitanda vya bembea vimening'inia kati ya miti, watu wamejiviringisha ndani yake. Umeandika kwamba wewe na wenzako wa shule mnakwenda milimani kulala hivyo hivyo, kwa furaha tu. Nilimwambia shangazi yako anisomee tena hapo. Sisi huku Fizi, Kongo yetu hii, tumelala porini mara nyingi, wewe mwenyewe umesikia hadithi zake, lakini mtu kutoka katika nyumba yake yenye mlango na kwenda kulala kwenye baridi bila kufukuzwa na mtu, hilo nimeliona uzeeni. Nimefurahi. Vijana wachekeao baridi ni baraka.

Ila mwishoni, ukiniita koko, yaani bibi, umeongeza: "Koko, usiogope, mi sisikiake baridi." Hapo ndipo nilipovuta kiti. Maneno hayo nayajua. Yalisemwa na babu yako Wilondja, kaka yangu, na kidogo yakukoseshe kuzaliwa.

Wakati huo njia ya kupanda kutoka kwetu Baraka, ziwani, mpaka Fizi, na kutoka Fizi kwenda juu kwenye nyanda za baridi, ilikuwa wazi, na watu walipanda na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakashuka na maharage. Katika biashara hiyo Wilondja akamwona sokoni binti wa huko juu, Sifa. Alirudi nyumbani akiwa hana akili ya kuvua wala ya kula. Baba akasema kijana huyu ama aoe, ama aanguke ziwani. Basi tukatumwa kwenda kuposa. Baba mdogo alikuwa msemaji wetu, Wilondja mwenyewe mposaji, na sisi vijana wa kwaya tukasindikiza. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa dada yake, na kwa sababu nilikataa kuachwa.

Mkono mtupu haulambwi. Tulibeba samaki, mikebuka waliokaushwa vizuri, wamefungwa ndani ya nyavu kuukuu za baba ili mzigo usitawanyike. Tulipanda tukiimba. Kila tulipopumzika, Wilondja alikwenda kando akarudia maneno atakayosema mbele ya wakwe, maana kwao msemaji akishamaliza, mposaji naye lazima aombe kwa kinywa chake. Aliyaambia mawe, aliyaambia migomba. Mpaka tunafika, mimi mwenyewe ningeweza kumposa Sifa bila kukosea.

Nyumba ya kina Sifa ilikuwa ndogo, na nyuma yake palikuwa na jiko la bibi yake, Koko Apolina. Huyo alikuwa mama mfupi, macho makali, na katika ukoo ule hakuna msichana aliyeolewa bila yeye kusema ndiyo. Alitupokea kwa maziwa ya moto, akatuambia mazungumzo yatakuwa asubuhi, na tulale jikoni kwake kuzunguka moto. Majani makavu alikwisha kuyatandaza.

Sasa, mwanangu, sisi wa ziwani tulikuwa tumefundishwa kwamba mposaji hamsumbui mkwe. Haombi kitu mpaka neno lake lijibiwe. Ni adabu nzuri, siipingi. Lakini Wilondja aliinywa adabu hiyo bila kipimo. Alimwambia Koko Apolina, "Aksanti, Koko, lakini siye batu ya lac, batu ya ziwa, tunazoea kulala inje. Tuko na bitanda yetu." Vitanda gani? Hatukuwa na kitanda. Akanigeukia na kuninong'oneza, "Esperance, fungua nyavu."

Nami, sitakuficha, nilifurahi. Hakuna aliyejua mafundo ya wavu kunishinda. Tukatoa samaki, tukafunga nyavu kati ya mianzi, wavulana upande huu, sisi wasichana upande ule. Tulikuwa hatujamaliza, mawingu yakashuka na mvua ya mawe ikatupiga. Tulikimbilia chini ya ukingo wa nyumba. Ilipopita, mlima mzima ulikuwa mweupe, na kila wavu umejaa vipande vya barafu hadi umelegea. Baba mdogo alitazama akasema huko Baraka hajawahi kuona wavu umevua namna hiyo. Kisha akaingia jikoni kwa Koko Apolina, akakaa karibu na moto, na hakutoka tena. Mzee ana akili zake.

Tukakung'uta nyavu, tukapanda ndani. Jua lilikuwa linazama na mbingu zilikuwa safi, na wenyeji wa kule wanajua maana ya mbingu safi: usiku wa baridi kali. Tulijifunika mablanketi kwa juu, vizuri kabisa. Kwa chini hatukuweka kitu. Baridi haikuhangaika na mablanketi yetu. Ilipitia kwenye matundu ya wavu, ikatushika mgongo. Ukilala chini, ardhi inakusaidia kidogo. Ukining'inia, upepo una pande zote.

Koko Apolina akatoka na kijinga cha moto mkononi.

"Batoto, munasikia baridi?"

"Hapana, Koko," akajibu Wilondja kwa niaba yetu sote. "Tuko bien, tuko muzuri."

Akarudi ndani. Baadaye kidogo akatoka tena, akauliza lile lile, akajibiwa lile lile. Mara hii hakuondoka upesi. Alisimama akitutazama tunavyotikisika, maana wavu hauna siri, ukitetemeka nao unatetemeka. Alipoondoka, Sifa alipita upande wetu wasichana akijifanya anatafuta mbuzi. Akaniinamia. "Ambia kaka yako aseme tu kweli," akasema. "Koko hapendi mutu wa kujificha. Amekwisha kukataa mwengine juu ya ile." Nilimpigia Wilondja mluzi, nikamwambia. Alinijibu kwa meno yanayogongana kwamba mwanamume hatapoteza mke kwa sababu ya baridi. Hakujua kwamba alikuwa anampoteza kwa sababu ya kuikana.

Wenzangu na mimi hatukuvumilia, tuliteleza jikoni mmoja mmoja. Aliyebaki kwenye wavu mpaka kunapambazuka ni mposaji peke yake.

Asubuhi watu wakakaa. Baba mdogo, aliyelala vizuri, alisema vizuri. Alisifu mlima, alisifu ng'ombe, alisifu hata njia iliyotutoa kucha. Kisha akamwachia Wilondja. Kaka yangu akasimama. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Alifungua kinywa, na yale maneno aliyoyaambia mawe na migomba hayakutoka. Kilichotoka ni "mmm" na "bbb". Nilimwona Sifa mlangoni amejishika kichwa. Baba yake akakunja uso, akadhani kijana ni mlevi.

Koko Apolina akanyanyua mkono.

"Kijana, nilikuuliza kama unasikia baridi. Ulisema nini?"

Wilondja akainamisha kichwa.

"Kama mutu anashindwa kuomba moto, ataomba binti yetu na kinywa gani?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. "Sifa utamupeleka mbali, kule ku lac, kwenye hana mama hana dada. Siku atakuwa mugonjwa na mufuko yako iko mutupu, utabisha ku mulango ya nani? Ao utakaa ndani na kusema tuko bien, mupaka tusikie habari ya kifo?"

Baba mdogo alitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilijua kaka yangu akirudi Baraka bila jibu hatakuwa mtu tena.

Wilondja akatembea, mbele ya wakwe wote, mpaka miguuni pa Koko Apolina, akapiga magoti, na kwa ule ulimi mzito akasema, "Koko, niko nasikia baridi. Tangu jana. Naomba moto."

"Ile njo neno nilikuwa nangoja," akasema bibi yule. Alimshika mkono yeye mwenyewe, akamwingiza jikoni, akamketisha hadi magoti yake yakakaribia kuungua, akampa maziwa. Sisi tulisubiri nje kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Alipotoka, midomo imerudia rangi yake, alisema maneno yake yote ya migomba na hakuacha hata moja. Koko Apolina aliyasikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Yote ni mazuri, lakini ile ya kwanza njo ilikuwa ya kweli." Ndipo tukaruhusiwa kupiga vigelegele.

Mwanangu, ungefikiri hadithi imeisha hapo. Miaka kadhaa baadaye Wilondja na Sifa walikuwa wanaishi Ubwari, ile rasi ya ziwani, na kule bila mtumbwi hufiki popote. Sifa alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na mkunga akasema huyu ni wa kupelekwa hospitali. Wilondja hakuwa na mashine kwenye mtumbwi wake. Jirani aliyekuwa nayo walikuwa hawasalimiani, walikuwa wamegombana juu ya mahali pa kutega nyavu. Kaka yangu alikimbia mpaka kwa jirani huyo mchana kweupe, watu wote wanatazama, akapiga magoti kama alivyopiga kule mlimani. "Naomba," akasema. Jirani hakumwacha amalize, alikwisha kushika mafuta. Walivuka, Sifa akapona, na mtoto akalia. Mtoto yule ni baba yako.

Kwa hiyo usiniambie husikii baridi. Nenda mlimani, mwanangu, ucheke na wenzako, uimbe kama tulivyoimba. Kitu kizito kilaze chini ya mgongo kabla ya kukilaza juu ya tumbo. Na huko uliko nasikia watu huuliza mara moja tu. Ukikataa wanaamini, hawarudi na kijinga cha moto kama Koko Apolina. Basi wakikuuliza jibu kweli siku hiyo hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na si baridi peke yake. Nasikia sauti yako kwenye simu, kila siku "tuko bien, tuko bien", na masomo ni magumu, na mama yako yuko mbali. Adabu ni njema, lakini Mungu hakuiweka ili ikuue. Na ukiona mwenzako anatetemeka ndani ya kitanda chake, usimwulize mara moja ukaenda zako. Rudi.

Mungu akupeleke na akurudishe. Akupe magoti mepesi ya babu yako na macho ya Koko Apolina, na kila mahali utakapolala akuwekee mtu wa kukuuliza kama unasikia baridi, nawe akupe kinywa cha kusema ndiyo.