Nirudishie Baba Yangu

Mwaka 1999 jamaa mmoja alinivamia nyumbani kwangu Mabatini asubuhi, akanikamata ukosi wa shati, akaniambia nimrudishie baba yake.

Baba mwenyewe alishakufa tangu jamaa hajaanza hata darasa la kwanza.

Subirini niwaeleze vizuri, maana hata mke wangu Kashindye siku ile alidhani nimeua mtu.

Enzi hizo kompyuta ya nyumbani, Mwanza yetu hii, ilikuwa kitu cha watu kuja kutazama. Mimi Masalu nilikuwa nayo sebuleni, nimeifunika kitambaa cha kufuma. Pembeni nilikuwa na gramafoni nzima kabisa, niliuziwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa anahama mji.

Nikaunga waya kutoka kwenye gramafoni mpaka nyuma ya kompyuta, kazi ikaanza. Unaniletea santuri yako, naipiga, kompyuta inarekodi, napunguza mikwaruzo, nakuchomea CD. Jina likaanza kusambaa mjini. Kichwa kikavimba kidogo, sikatai.

Ndipo akaja Okech.

Okech alikuwa anauza samaki Mwaloni, Kirumba. Mjaluo wa Shirati, pande la mtu, sauti nzito, na anaongea polepole kiasi kwamba kusubiri amalize salamu ilibidi utafute kiti.

"Masalu ndugu yangu," akasema, ameshika santuri kwa mikono miwili. "Hii ni sauti ya baba. Imebaki hii tu."

Baba yake, Odero, alikuwa mwanamuziki. Alirekodi wimbo mmoja, akafariki watoto wakiwa wadogo, hata sura yake hawaikumbuki. Walimjua kwa santuri ile, ambayo mama yao aliwapigia kila Jumapili wakitoka kanisani. Sasa ilikuwa imechakaa, na Jumamosi ukoo mzima ulikuwa unakutana Shirati kwa misa ya kumbukumbu na kuweka msalaba kaburini. Okech alitaka baba asikike pale kabla santuri haijafa kabisa.

"Ondoa shaka," nikamwambia.

Nikaifanya ile kazi kwa moyo wote. Nikamkabidhi CD yake, akaenda kuisikiliza kwa rafiki yake mwenye redio ya CD.

Kesho yake ndiyo hiyo, nimekamatwa ukosi.

"Umeniwekea mtu mwingine," akasema. Hata hasira yake ilikuwa ya polepole. "Haka katoto kanakoimba humu ni nani? Nirudishie baba yangu."

Nikambembeleza akakaa. Nikaweka santuri yenyewe kwenye gramafoni yangu, asikie kwa masikio yake. Ikatoka sauti ileile, nyembamba, ya haraka haraka, ya kijana anayeimba huku anatabasamu.

Okech akaikagua santuri. Lebo ni ileile. Mkwaruzo mrefu aliouzoea, uleule.

"Basi mashine yako mbovu."

Hapo na mimi nikapandisha. "Mashine yangu inazunguka inavyotakiwa, nimeipima. Mbovu ni ya kwenu."

Bora ningenyamaza. Akaniambia kama Jumamosi ukoo utasikia mtu asiyekuwa baba yake, tusijuane tena. Akatoka.

Mchana akarudi na mama yake, aliyekuwa anaishi naye Kirumba. Mama Teodora, mama mwembamba, amejitwisha gramafoni ya kwao kichwani na hataki mtu amsaidie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tusikie mnachogombania."

Tukaanza na ya kwao. Ikatoka sauti nzito, inajivuta, unaweza kudhani ni askofu anabariki waumini. Okech akanyoosha kidole. "Huyu ndiye baba."

Kisha nikabofya kompyuta.

Mama Teodora akaziba mdomo kwa mkono. Akacheka. Halafu machozi yakaanza kumtoka huku bado anacheka.

"Huyu ndiye Odero," akasema. "Alikuwa anaongea haraka mpaka padri akamwambia arudie kiapo cha ndoa."

Okech akaigeukia gramafoni ya kwao. "Sasa mama, yule mwingine ni nani?"

Mama akaipindua gramafoni yao, akafungua kifuniko cha chini. Ndani, badala ya mkanda unaozungusha sahani, kulikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa kwa uzi wa nyavu. Kimelegea vibaya.

"Mkanda wake ulikatika muda si mrefu baada ya msiba. Nikakata tyubu ya baiskeli ya baba yako. Ukawa unateleza, sahani inakwenda polepole. Nilijua siku ileile kwamba sauti imeharibika."

"Na hukukaza? Hukutuambia?"

"Nilitaka kukaza," akasema. "Lakini zamani wimbo ulikuwa unaisha upesi mno, nyie hamjakaa hata vizuri. Ulipolegea ukawa unachelewa kuisha. Nikaona acha tu, akae akae kidogo na wanawe."

Okech akainama. Mimi nikajifanya natafuta waya chini ya meza, maana macho yalishaanza kunisaliti.

Nikachoma CD upya, nikaweka Odero wote wawili.

Jumamosi, Shirati, tulianza na yule wa haraka. Wazee waliowahi kuucheza wimbo wake walisimama kabla hata hajamaliza mstari wa kwanza. Alipofuata wa polepole, wakasimama wanawe.

Kisha Okech akapewa kipaza sauti atoe shukrani. Watu wakajiweka sawa kwenye viti, wanajua itachukua muda.

Akakohoa. Ikamtoka sauti nyembamba, ya haraka haraka, mpaka watu wakageuka kutafuta nani kawasha CD.

Nikamwinamia Mama Teodora. "Mama, hii nayo ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo sauti yake ya tangu utotoni," akanijibu. "Ile nzito alijifunza kwenye santuri. Alitaka kufanana na baba yake."

Tangu siku ile, mtu akiniletea kitu chenye kasoro, namuuliza kwanza nani aliiweka na kwa nini. Na wewe unayesoma hapa, ukikuta kitu kimelegea nyumbani kwa mama yako, usikimbilie bisibisi. Muulize kwanza, angali yupo wa kukujibu.