Riwaya Iliyopimwa kwa Mbaazi

Zamani hadithi ilipimwa kwa miguu ya mafundi cherehani barazani; siku hizi inapimwa kwa kidole gumba cha mtu ambaye hata hajaisoma hadi mwisho.

Wesonga alivijua vipimo vyote viwili, na hicho cha pili kilimkera. Alikuwa ameshona nguo barazani mwa duka la vitambaa la Nayan, Mtaa wa Biashara, tangu ndevu zake zingali nyeusi. Enzi hizo mafundi walikaa kwa safu, mmoja akisimulia, wengine wakishona. Hakuna aliyesifu wala kukosoa. Hadithi ikiwa baridi, miguu iliendelea kukanyaga. Ikishika, cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka Nayan apige kelele kutoka ndani kwamba halipi watu kwa kutoa macho. Sasa pale barazani panauzwa vifuniko vya simu, na kwa muziki wao mtu hasikii hata kikohozi chake.

Kusoma alijifundisha kwa magazeti waliyoyakata kuwa vipimo vya kola na mikono. Uzeeni, nyumbani kwake Waithaka, likamjia wazo la riwaya. Alimsimulia mjukuu wake Valarie, aliyemwita Kuka, yaani babu, naye akaliweka kwenye grupu la simu.

"Kuka, cheki! Wameipenda vibaya sana."

"Wameisoma?"

"Si wameweka moto?"

"Moto gani?"

"Kapicha ka moto, Kuka. Inamaanisha ni kali."

"Moto wa kutochemsha hata maji," akasema, akavaa koti.

Walibaki watu wawili tu waliojua kusikiliza, Nayan na mkewe Vimla, nao walikuwa wanaondoka. Mwana wao Sunny alikuwa akiwahamishia kwake Uingereza, na nyumba yao ya mtaani Loresho ilikuwa imekwisha kupata mpangaji. Wesonga alijiapiza njiani kwenda kwao: Nayan na Vimla wakisema si kitu, hataandika hata mstari. Nuru ya macho yenyewe ilikuwa imebaki kidogo.

Aliwakuta verandani kati ya masanduku yaliyofungwa. Nayan alikuwa na kofia ya sufu na jua linawaka. Vimla alikuwa na sinia mapajani, akibambua mbaazi mbichi.

"Fundi!" Nayan akaita. "Kumbe uko hai. Mimi niliambia huyu mama, Wesonga amekufa kwa kununa."

"Kununa ndiko kunakoniweka hai, Mzee. Hujambo, Mama Sunny?"

"Keti. Ongea. Sisi hatuna hata redio, iko ndani ya sanduku."

Akasimulia. Riwaya ya fundi na tajiri wa duka la vitambaa, waliozeeka pamoja huku mji ukiwageuka. Walivyoishi kama ndugu. Tajiri alivyofunga duka na kumwachia fundi cherehani. Nayan alitikisa kichwa kwa kukubali muda wote. "Nzuri. Nzuri sana. Huyo tajiri ni mtu ya maana."

Lakini Wesonga hakuwa akimtazama Nayan. Alitazama vidole vya Vimla. Ganda likapasuka, mbaazi zikadondoka siniani, ganda lingine likafuata, bila kusita hata pale cherehani ilipotolewa zawadi.

"Mama Sunny, mikono haijasimama."

"Itasimama aje, na hakuna kitu ya kuisimamisha?" Hakuinua macho. "Walikuwa kama ndugu, eh? Ndugu anakunywa chai na kikombe ya bati inatundikwa nje kwa msumari?"

"Vimla!" Nayan akanong'ona.

"Si namwambia hadithi yake? Amekuja kuuliza." Akapasua ganda jingine. "Wewe uliondoa kikombe kwa hadithi, Fundi. Kwa nini?"

Kwa sababu aliwapenda, na kwa sababu zilikuwa siku zake za mwisho nao. Alinyoosha upindo wa koti lake, akijua kwamba neno litakalofuata laweza kumtoa kwenye veranda hiyo kama mgeni mbaya.

"Kulikuwa na bibi arusi," akaanza upya, polepole. "Mgeni nyumbani, pale nyuma ya duka, hajui desturi. Siku ya mvua akawaona mafundi wamelowa. Akamtolea mmoja chai kwa glasi ya mezani. Fundi akanywa, akarudisha. Baadaye mama mkwe akaichukua ile glasi, akaitupa pipani mbele ya yule bibi arusi. Fundi alikuwa nje, dirishani."

Mikono ya Vimla ilitulia. Ganda moja lilibaki katikati ya vidole vyake, zima.

"Uliona?"

"Niliona."

"Miaka yote hii?"

"Kesho yake chai ilikuja kwa kikombe cha bati, Mama, kama kawaida. Lakini tangawizi ilikuwa nyingi, na sukari ilijaa mpaka kijiko kinasimama. Tangu siku hiyo, kila siku. Ningelalamika vipi?"

Nayan alivua kofia. Alikohoa, akaivaa tena. "Na mimi nilipewa chai ya maji mpaka leo," akasema, ila sauti yake haikufika kwenye mzaha.

"Wewe hukulowa," Vimla akamjibu. Kisha akamgeukia Wesonga, macho yamemjaa. "Anzia hapo. Glasi, pipa, sukari. Mama mkwe ni marehemu, hatakushtaki. Lakini nikisikia umeandika 'kama ndugu', nitapanda ndege nirudi nikuchape."

"Mimi sijawahi kuchapwa na Muhindi," Wesonga akasema.

"Utaanza uzeeni."

Walicheka wote watatu, Nayan akafuta macho kwa kofia.

Wesonga alipofika getini aligeuka. Nayan alikuwa amesimama, amemshika mkewe begani, akimpungia kwa kofia. Vimla naye alikuwa ameinua mkono, na ndani ya mkono huo lile ganda la mbaazi lilikuwa bado halijapasuliwa. Hakuwaona tena.