Tabasamu la Baba Kwenye Picha ya Msiba

Mwaka mzima tuliiinamia picha ya baba akitabasamu. Kumbe lile tabasamu halikuwa lake.

Tulieni niwasimulie, maana hili jambo bado linanichoma.

Baba yangu, mzee Seok Il-hwan, alikuwa mwigizaji hapa Seoul. Si nyota. Yeye ni yule jambazi anayepigwa mwanzoni mwa tamthilia, halafu mnamsahau. Mara moja tu alipewa nafasi ya baba wa watu. Anamsindikiza binti yake stesheni, treni ikiondoka anatabasamu kidogo.

Wiki mbili baada ya kipande kile kurushwa, baba akafa. Saratani. Sisi alikuwa ametuambia ni vidonda vya tumbo.

Msibani kwetu lazima picha ya marehemu ikae mbele, watu waiinamie. Tukapekua picha zake zote: kisu mkononi, jicho jekundu, amekunja ndita! Ikabidi tuchukue ile ya stesheni, tukaikata kwenye tamthilia.

Mama akawa anaishika na kusema, "Mwenzangu hakuumia sana. Angalia anavyocheka."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yananipa nguvu.

Basi, mwaka ukikaribia kutimia, mashabiki wa ile tamthilia wakaanza mtandaoni.

"Ule uso umechezewa na kompyuta. Mdomo unapanda, shavu limelala doro!"

"Acheni uchawi, huyo mzee ni fundi wa kuigiza."

"Fundi gani? Punguza kasi ya video uone mwenyewe."

Nikavamia kama mbogo. "Mimi ni binti yake, Yeon-ju. Lile ni tabasamu la baba yangu, komeni!"

Mmoja akanijibu, "Pole dada. Lakini una uhakika?"

Nikamtafuta kijana aliyehariri ile tamthilia, anaitwa Pyo. Nilienda na hasira zangu, nataka atangaze hadharani kwamba hakugusa kitu.

Akawasha kompyuta.

"Dada, kaa kwanza."

Nikaona. Treni ileile, koti lilelile. Lakini uso wa baba umekunjamana, meno kayauma, jasho linamtiririka na huku ni majira ya baridi. Anaumwa mpaka unashindwa kumtazama.

"Nani alikutuma umbadilishe baba yangu?" nikafoka.

"Yeye mwenyewe. Hakuwa na nguvu ya kurudia kuigiza. Akaja hapa akaniambia, 'Mwanangu, ninyooshee huu uso. Mke wangu ataangalia.'"

Nililia pale kama mtoto.

Njiani nikaapa mama hatajua. Siku hiyo tulikuwa tunatimiza mwaka, na kwetu marehemu hupikiwa, chakula kikawekwa mbele ya picha yake ili aje ale. Nilimkuta mama anapanga samaki na mapeasi. Akanitazama mara moja tu.

"Umetoka kwa waliotengeneza ile tamthilia. Nimeona ulivyogombana na watu mtandaoni."

"Mama, hapana..."

"Yeon-ju, nimezeeka na yule mwanaume. Akicheka, jicho la kushoto linajifumba. Huyu hapa yote mawili yako wazi. Nilijua toka msibani."

"Sasa mbona ulikuwa unasema hakuumia?"

"Nilikuwa nasema kwa ajili yako. Wewe ndiye ulikuwa huli."

Jamani. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

"Ile ya kweli unayo?" akauliza.

Nikampa simu, Pyo alikuwa amenitumia. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaiegemeza kwenye bakuli la wali, na ile picha ya msiba akaigeuzia ukutani.

"Karibu, mume wangu," akasema, sauti imemkatika. "Kula. Hapa huna haja ya kujikaza."

Ndugu zangu, mgonjwa wenu akiwaambia hajambo, msishukuru tu mkaenda zenu. Kaeni naye, mwambieni anaruhusiwa kulia. Baba yangu hakuna aliyemwambia hivyo akiwa hai.